Funguo za Asiyekunywa

Vijana wangu wa ghalani, mliniomba niwaandikie namna ya kutunza mvinyo katika mji wa joto kama Moroni. Siku ya kuniaga mlinipa kanzu nyeupe na kreti la soda, na mkurugenzi mpya wa hoteli akasema katika hotuba yake kwamba nilikuwa mtu wa jikoni. Sikumsahihisha, chai ilikuwa inapoa. Lakini sikuwa mtu wa jikoni hata siku moja. Na kwa kuwa sasa nina nafasi ya kununa kadiri nitakavyo, nitaandika kama nilivyoona mimi. Wanaotaka habari za vyeo wawaulize waliovipata.

Nilianzia kwenye maua, kwetu Mutsamudu, kisiwani Anzuani. Kabla sijaiona chupa ya mvinyo nilifanya kazi penye mitungi ya kukamulia mafuta ya mlangilangi. Maua huchumwa alfajiri, hutiwa mtungini na maji, huchochewa moto, na mafuta hutoka na mvuke. Yanayotoka mwanzo ndiyo bora, yanayofuata ni ya kawaida, ya mwisho ni ya sabuni. Hakuna kipimo kinachokuambia yale ya kwanza yamekwisha. Ni pua yako tu, na ukichelewa umeharibu kazi ya wachumaji wa kijiji kizima. Mimi nilikuwa na pua. Sikujisifu nayo, maana kwetu kumsifu mtu pua ni kumwambia ni mmbea.

Mwaka wa sabini na nane mamluki wakaja Moroni, serikali ikabadilika, na nchi ikaitwa Jamhuri ya Kiislamu. Haukupita muda hoteli ikatafuta mtu wa kutunza mvinyo. Msicheke. Wazungu wale wenye bunduki walikuwa na kiu, na wageni wa serikali walikuwa na kiu iliyojificha nyuma ya mapazia. Mtunzaji aliyetangulia alikuwa amekunywa alichokabidhiwa kukitunza, akaokotwa amelala juu ya makasha.

Nilivuka kuja Ngazija, kisiwa cha Moroni, nikafika mbele ya Bwana Yusufu, mkurugenzi wa siku zile, mtu wa mtaa wa Magoudjou aliyevaa tai hata siku za joto la kaskazi.

"Wewe wa Anzuani," akasema. "Unakunywa?"

"La."

"Umewahi kunywa?"

"La. Wala baba yangu, wala babu."

"Basi shika funguo."

Usaili wote ulikuwa huo. Pua yangu hakuiuliza. Niliajiriwa kwa kile nisichokifanya, na sijui kama kuna kazi nyingine duniani inayotolewa hivyo.

Ghala mnalifahamu, lile la chini lililochongwa ndani ya jiwe la volkano. Siku yangu ya kwanza nilimkuta humo Mtaliana mnene amepiga magoti, analowesha magunia kwa maji ya ndoo. Huyo ndiye Renzo. Mwenye hoteli alimtoa Malindi, alikokuwa amefanya kazi miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, hakina adabu wala ngeli. Mimi changu nilikipata kwa babu yangu aliyeishi Unguja. Kwa hiyo mle ghalani, katikati ya mji wenye lugha yake na serikali yenye Kifaransa chake, sisi wawili tulielewana kwa Kiswahili. Ndiyo sababu nawaandikia kwa lugha hii. Mambo ya mvinyo sikuyajua kwa nyingine.

"Mimi kunywa, wewe nusa," akaniambia. "Kichwa mbili, mtu moja."

Tulifanya kazi hivyo. Yeye alionja, akatema kwenye ndoo. Mimi nilinusa glasi na kizibo, tukalinganisha. Chupa hulazwa ili kizibo kisikauke, maana kikikauka hewa huingia. Magunia hubaki mabichi ukutani, na umeme ukikatika, nao ulikatika kama desturi, mlango haufunguliwi hata akija waziri. Mvinyo uliopigwa na joto hunuka kama jamu iliyoungua. Uliooza kwa kizibo hunuka gunia lililolala kwenye mvua. Kizibuo kizungushwe taratibu, kisitoboe kizibo upande wa pili, unga wake utaanguka ndani. Hayo ndiyo mliyoniomba, mnaweza kuishia hapa.

Renzo alizaliwa kwenye vilima vya Valpolicella, kaskazini ya mji wa Verona, na mvinyo wa kwao ndio alioupenda kuliko ndugu zake. Hauchumwi kwenye mzabibu wa aina moja. Corvina ndiyo nguzo, alisema, inatia nguvu na harufu. Rondinella inatia rangi, nayo haina madeko, mvua ikinyesha vibaya yeye yupo. Molinara ni nyepesi, inatia uchangamfu. Ukizichuma na kuzikamua papo hapo unapata mvinyo mwepesi wa chakula cha mchana. Lakini wazee wake walichagua vichala vizuri, wakavilaza juu ya vichanja vya matete darini, madirisha wazi, wakaviacha vinywee kwa upepo wa vuli mpaka katikati ya baridi. Zabibu zinasinyaa, maji yanatoka, utamu unabaki. Ndipo hukamuliwa, na juisi huchacha polepole kwa sababu ya baridi. Ukiikatiza mapema inabaki tamu, hiyo ni Recioto, ya kale zaidi. Ukiiacha iimalize sukari yake yote, inatoka kavu, nzito, yenye uchungu kidogo mwishoni. Hiyo ndiyo Amarone. Makapi yake hayatupwi. Humwagiwa ule mvinyo mwepesi ili upate mwili, yaani uzito. Watu maskini, alisema Renzo, hawatupi kitu, na kwao walikuwa maskini.

Siku moja nilimpandisha Mvouni, kijiji cha mlimani, kwa jamaa yangu anayekausha vanila. Alipoona maganda yamelazwa kwenye vichanja, yamesinyaa na kuwa meusi, alisimama mlangoni akavua kofia.

"Madi," akasema, "hii nyumba ya baba yangu."

Alikaa pale mpaka jamaa yangu akaanza kuona haya, asijue ampe chai au amwombee dua.

Fundisho lake kubwa lilinipata mwaka wa kwanza. Alifungua chupa ya nyumbani kwao, akanipa ninuse. Nilinusa gunia la mvua, wazi kabisa. Lakini nilimtazama usoni, nikaona furaha yake, nikasema ni nzuri. Akaonja, akatema, akaniwekea glasi mbele.

"Wewe hapana furahisha mimi. Sema iko nini puani. Mimi ikilia, nalia mimi."

Tangu hapo nilisema nilichonusa. Niliona ni sheria nyepesi kama zile za kuosha glasi.

Sheria hiyo ndiyo iliyomwondoa yeye mwenyewe. Miongoni mwa mamluki alikuwapo mmoja tuliyemwita Luteni, Mbelgiji ambaye mama yake alitoka Italia, na kwa ajili hiyo alijiona mrithi wa zabibu zote za huko. Alikuja mchana mmoja na wageni, akarudisha chupa kwa kelele kwamba imeoza. Renzo akaja mezani, akanusa, akaonja, akasema kwa utulivu kwamba mvinyo ni mzima, kilichooza ni sigara ya bwana mkubwa. Wageni wakacheka. Mwezi haukuisha, kibali cha Renzo cha kuishi nchini kikakataliwa, bila sababu kuandikwa. Bwana Yusufu hakunyanyua hata kope.

Tulifungasha pamoja. Aliniachia kizibuo chake, na chupa moja ya Amarone iliyotoka darini kwa baba yake, haina hata karatasi, ina alama ya chaki tu, na hoteli nzima iliijua.

"Hii siyo ya hoteli," akasema. "Ya wewe. Uza, vunja, sawa. Lakini usiache ikufe."

Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege, akalia hadharani, na mimi nikalia hadharani, na dereva wa teksi akawasha redio kwa heshima. Sikumwona tena. Nasikia alifia kwao.

Nikabaki peke yangu na pua bila ulimi. Kazi ilikwenda. Kila adhuhuri nilivua sare, nikatawadha, nikasali, nikarudi kwenye chupa. Mutsamudu sikutaja mvinyo. Mama yangu alijua kwamba nafanya kazi "ghalani", naye kwa busara yake hakuuliza ghala la nini. Ndugu yangu Bakari aliuliza. Bakari ni mdogo wangu, tumefuatana ziwa moja, naye alikuwa mwalimu wa sekondari hapa Moroni, mswalihina, mwenye ulimi wa kukata.

"Kaka," aliniambia, "aliyebeba na aliyekunywa wako safu moja."

"Mimi nanusa."

"Na pua yako iko safu gani?"

Hata hivyo alikuja kwangu kila Ijumaa, akala samaki wangu, akabishana, akalala kwenye mkeka wangu. Nilimpenda kuliko nafsi yangu. Naliandika hili wazi kwa sababu yanayofuata yanaweza kuwafanya msahau.

Kisha wakamchukua. Palikuwa na karatasi zilizosambazwa dhidi ya mamluki, wanafunzi wakakamatwa, na mwalimu wao naye. Walimfungia kambini kwa mamluki. Mama akavuka kutoka Mutsamudu na kikapu cha mikate, akazuiwa langoni, akarudi kesho yake na mikate ileile. Waliotoka mle walitoka wanachechemea. Mmoja hakutoka. Mama hakuniomba kitu. Alikaa tu chumbani kwangu, kikapu magotini.

Nilimwendea Luteni hotelini, nikasimama mbele ya meza yake kama mhudumu.

"Mwalimu Bakari ni ndugu yangu," nikamwambia. "Hajashika silaha."

Alinitazama kama mtu anayekumbuka kitu kitamu.

"Ile chupa ya Mtaliana wako, ya baba yake. Bado unayo?"

"Ninayo."

"Niletee Ijumaa, nina wageni. Ukinipa chupa, nakupa ndugu."

Niliona ni bei rahisi mno. Mla cha mtu hulipa, lakini huyu alitaka kulipwa zabibu kwa roho ya mtu, nami nilikuwa nazo. Ijumaa nilisali, nikatoka msikitini na uradi bado mdomoni, nikashuka ghalani. Niliisimamisha chupa ili mashapo yatulie, nikaifungua kwa kizibuo cha Renzo. Kizibo kilitoka kizima. Nikanusa, ikanijia harufu ya vichanja vya Mvouni. Nilimshukuru Renzo moyoni, nikaimimina taratibu kwenye jagi la kioo mbele ya mshumaa, nikapanda nayo barazani.

Pale mezani palikuwa na Luteni, Wazungu wenzake, na wakubwa wawili wa mjini waliokuwa na glasi za juisi mbele na nyingine nyuma ya chombo cha maua. Bwana Yusufu alisimama mlangoni na wahudumu. Siku zile mamluki waliogopa sumu. Nilipomjazia Luteni glasi, hakuigusa. Aliisukuma upande wangu.

"Kunywa wewe kwanza."

"Bwana, mimi ni Mwislamu."

"Na yule kambini, dini yake gani?"

Nilitazama wale wakubwa wawili, watu wa safu ya mbele msikitini. Mmoja alianza kuhesabu maua. Mwingine alinitazama kama kwamba nachelewesha chakula. Nikamwona moyoni mama na kikapu chake. Nikanyanyua glasi, nikanywa, na Luteni akanyoosha kidole kuonyesha kwamba nisiteme. Nikameza.

Sitaficha nilichokikuta, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niandike. Vyote alivyonisimulia Renzo vilikuwamo, kimoja kimoja, kama watu uliosikia majina yao siku nyingi na sasa wanaingia mlangoni. Tende zilizokaa guduliani. Vanila. Moshi wa mbali. Tunda moja jekundu la kwao Renzo nisilowahi kuliona, nikalijua. Na mwishoni uchungu mwembamba, kama ganda la chungwa, unaofunga mlango vizuri. Kumbe ulimi wangu muda wote ulikuwa unasubiri zamu yake. Nilisimama mbele ya adui yangu, nimedhalilishwa, ndugu yangu yuko kifungoni, na kinywani mwangu kulikuwa na kitu kizuri kabisa. Nilitamani kiwe kibaya. Hakikuwa.

Luteni alisubiri aone kama nitaanguka, kisha akanywa. Kwa haki yake nitasema alitimiza ahadi. Asubuhi yake Bakari alitolewa langoni, amekonda, mguu mmoja hauna kiatu. Mama alimpa mkate palepale.

Jioni hiyohiyo Bwana Yusufu aliniita.

"Madi, lete funguo."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Lakini nilikupa funguo kwa kuwa hunywi. Sasa watu wamekuona."

Alisema kwa upole, tai yake imenyooka. Niliwaza kumkumbusha ni nani alisimama mlangoni akitazama. Nikaziweka funguo mezani. Walinihamishia Mutsamudu, kwenye nyumba ndogo ya wageni ya mwenye hoteli yuleyule, karibu na bandari, ambako kinywaji kikali kuliko vyote kilikuwa kahawa ya tangawizi. Hapo nilipanga soda mpaka mamluki walipoondoka nchini.

Habari zilifika Mutsamudu kabla yangu. Mji wetu vichochoro vyake ni vyembamba, neno haliwezi kupita bila kugusa kuta zote mbili. Nilikwenda kwa kadhi mwenyewe. Alinisikiliza, akasema nilishurutishwa, palikuwa na dharura, na Mungu ni mwingi wa rehema. Nilitoka mwepesi. Nikaenda moja kwa moja kwa Bakari, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa mama kujiuguza.

"Kadhi ameniambia sina lawama," nikasema.

"Kadhi hakufungwa." Alikuwa anakanda mguu wake kwa mafuta. "Nilivumilia mle ndani nisiwape hata neno moja. Wewe ukawapa dini yetu mezani, wacheke. Nilikutuma?"

"Mama alikuwa anakaa na kikapu."

"Nilikutuma, kaka?"

Hakuwahi kula tena kwangu. Salamu hakuninyima, maana salamu ni haki ya Mwislamu. Mama alituambia mpaka ulimi ukamwisha, "Ndugu mwui heri kuwa naye," wala hakufafanua ni yupi kati yetu aliyekuwa huyo mbaya. Siku ya kumzika mama tulibeba jeneza lake bega moja mbele, bega moja nyuma, na matangani Bakari alikula kwa jirani. Ninaona uchungu hata sasa ninapoandika. Nilimtoa ndugu yangu kambini, kambi ikampeleka mbali nami kuliko pale alipokuwa.

Mamluki walipokwisha kuondoka, hoteli ikaniita tena Moroni. Si kwa kunitaka radhi. Waliokabidhiwa ghala baada yangu waliacha magunia yakauke, na robo tatu ya shehena ikageuka siki. Bwana Yusufu alinirudishia funguo bila kunitazama. Miaka iliyofuata mnaijua, wengine wenu mlikuwamo, na haina la kusimuliwa. Nilinusa, sikuonja. Hakuna aliyenilazimisha tena, nami sikujilazimisha.

Nimestaafu, nimerudi Mutsamudu. Bakari sasa ni Fundi Bakari, kwetu fundi ni mwalimu, ana madrasa na ndevu nyeupe, na ule mguu humuuma wakati wa mvua. Wiki iliyopita nilimkuta anatoka msikitini anachechemea. Nikampa bega langu, akalishika. Tukatembea mpaka mlangoni kwangu. Sikumkaribisha, niliogopa. Aliingia mwenyewe.

Mke wangu alitandika mkeka, akaleta wali wa nazi na jodari wa kuchoma, sahani yangu na ya Bakari. Nilimshikia birika, akanawa. Akasema bismillahi, kisha akasita.

"Kaka, nataka jambo moja tu, tule. Tulifundishwa kwamba asiyeweza kuzuia baya kwa mkono wala kwa ulimi, basi alichukie moyoni, na hiyo ndiyo imani iliyo dhaifu kabisa. Mimi nimezeeka, hata hiyo dhaifu inanitosha. Ulipokimeza kile kitu, moyo wako ulikichukia?"

Alikuwa ananitazama kwa macho ya zamani, ya Ijumaa zetu za Moroni. Alikuwa anataka nimsaidie. Neno lenyewe ni jepesi, hata mtoto angelisema. Nilifungua mdomo nilitoe, nikanusa wali, nikanusa samaki, nikakumbuka ile glasi aliyoniwekea Renzo mbele.

"Niliwachukia wao," nikamwambia. "Kile kitu kilikuwa kizuri."

Bakari akafuta mikono yake iliyokuwa haijagusa chakula, akainuka kwa kushika ukuta, akatoa salamu mlangoni.

Mke wangu akaniuliza kwa nini sikusema ndiyo tu. Nilikula sahani yangu, kisha nikala na ya ndugu yangu.